Redio koli ya laini: Ukibonyeza kitufe, nani ameshika swichi?

Jumanne ya Juni 25, 2024, alasiri, simu yangu ilikuwa inaongea kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimeingia chaneli moja ya Zello yenye wasee wengi sana, yaani mmoja akiachilia kitufe, mwingine tayari amekishika. Mmoja anaomba maji na bandeji karibu na Kencom. Mwingine anasema msipite njia ile, kuna moshi. Dada mmoja anauliza kama kuna mtu amemwona ndugu yake mwenye fulana ya njano. Nilitaka kumjibu. Nikabonyeza, nikangoja ule mlio wa ruhusa, haukuja. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nilichobaki nacho ni kale kaduara kanazunguka tu kwenye skrini.

Wiki hiyo ujumbe mmoja ulikuwa umezunguka kwenye grupu zetu za WhatsApp: pakueni Zello, ni woki-toki, wakizima intaneti bado tutasikizana. Mimi pia niliusambaza, kwa grupu tatu. Na hapo ndipo aibu yangu iko, kwa sababu kati ya wote waliousambaza, mimi ndiye nilipaswa kujua kwamba ni uongo. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miezi tisa nikilipwa kubonyeza hicho kitufe.

Niseme venye nilifika huko. Niliacha campo mwaka wa pili, karo ilinishinda na sikuwa na mtu wa kumlilia. Nikapata kazi ya usiku kwenye chumba cha mawasiliano cha kampuni moja ya ulinzi hapa Nairobi. Masoja wanakiita "kontro". Kazi ni kukaa mbele ya kompyuta kutoka jioni hadi asubuhi, kusikiza redio za walinzi wa mageti, kuandika kwenye daftari kila nusu saa kwamba Geti A iko sawa, Geti B iko sawa. Sh15,000 kwa mwezi na chai ya rangi. (Mwaka wa 2024 mamlaka inayosimamia walinzi wa kibinafsi ilitangaza kwamba soja wa Nairobi asilipwe chini ya Sh30,000. Suala likaingia kortini. Masoja ninaowajua bado wanasubiri.)

Sasa, tuelewane kwanza tunaongea kuhusu kifaa gani, kwa sababu watu wengi wanachanganya vitu vitatu.

Kuna redio koli ile ya zamani, yenye antena nene, ile unaona kwa mkono wa askari wa trafiki au dereva wa watalii kule Mara. Hiyo inatuma mawimbi moja kwa moja kutoka redio hadi redio, hewani, bila kupitia kampuni yoyote ya simu. Nyingi za mkononi zina nguvu ya wati 5 hivi. Uwanja ukiwa wazi zinaenda kilomita kadhaa, lakini kati ya maghorofa ya mji zinaweza kukatika hata kabla ya kilomita mbili, ndiyo maana kampuni kubwa huweka mtambo juu ya jengo refu au kilima ili uzipokee na kuzirusha tena mbali zaidi.

Halafu kuna hii redio ya laini. Ukiiangalia utadhani ni ileile: antena, kitufe kikubwa ubavuni, kirungu cha sauti juu. Lakini ndani ni simu. Ina laini ya kawaida, ina bando, inashika busta ileile inayoshikwa na simu yako. Ukibonyeza, sauti yako inakatwa vipande vya data, inapanda kwenye busta, inaenda mpaka kwa seva ambayo huenda iko Ulaya au China, kisha seva inaigawa kwa redio zote za kundi lenu. Motorola wanatengeneza, Hytera wanatengeneza, Inrico wanatengeneza, na kuna za bei ya chini zaidi ambazo zina jina la yeyote aliyeziagiza.

Cha tatu ni programu kama Zello. Hiyo ni redio ya laini bila redio. Simu yako inageuka kifaa, kitufe kinakuwa kwenye skrini. Tena Zello yenyewe inaingia kwenye hizo redio za laini zenye Android, kwa hivyo mtu mwenye redio na mtu mwenye simu wanaweza kuwa chaneli moja.

Cha pili na cha tatu ni ndugu wa damu. Cha kwanza ni jirani tu aliyefanana nao sura. Na sura ndiyo ilituponza.

Bosi wetu alihama kutoka cha kwanza hadi cha pili kwa sababu ya doo, na kusema ukweli hesabu yake ilikuwa na akili. Redio za zamani zinahitaji leseni ya masafa kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na inalipiwa kila mwaka. Zinahitaji mtambo wa kurushia, na mtambo unahitaji mtu wa kuutunza. Redio ya laini haihitaji hayo yote. Kampuni ya simu ndiyo yenye leseni na ndiyo yenye busta, wewe unanunua bando tu. Na bando yenyewe ni kidogo sana: sauti ikibanwa hadi kilobiti 16 kwa sekunde, dakika nzima ya kuongea inakula kama kilobaiti 120. Video moja fupi ya TikTok inaweza kula kuliko soja akiongea usiku mzima. Umbali nao si shida. Soja wa Nairobi anaongea na soja wa Mombasa kama wamesimama pamoja.

Kuitumia ni rahisi lakini kuna adabu yake, na nilifundishwa na mzee wa Geti B, ambaye alikuwa ameshika redio koli tangu kabla mimi sijazaliwa. Wiki ya kwanza nilikuwa nabonyeza na kuanza kuongea papo hapo. Mzee akanipigia redioni, akaniambia, "Kijana, unakula kichwa cha maneno. Mimi huku nasikia mkia tu."

Alikuwa sahihi. Kwa redio ya laini ukibonyeza, kifaa kinaiomba seva nafasi kwanza. Seva ikikubali, unasikia mlio mfupi. Ukiongea kabla ya mlio, maneno ya kwanza yanapotea, na kwa dharura maneno ya kwanza ndiyo yenye maana. Kwa hivyo: bonyeza, ngoja mlio, vuta pumzi, ongea. Taja unayemwita kwanza, kisha wewe mwenyewe: "Kontro, Geti B." Usifanye kinyume, kwa sababu mtu husikia jina lake hata akiwa anasinzia. Shikilia redio mbali kidogo na mdomo, kama upana wa kiganja, na uongee sauti ya kawaida. Ukipiga kelele maikrofoni inachafuka na hakuna anayekuelewa. Nambari isome moja moja. Usiseme kumi na tano, sema moja, tano, kwa sababu kumi na tano na kumi na tatu kwenye spika mbovu ni mapacha. Gari la KDA liite Kilo Delta Alfa. Ukimaliza, achilia kitufe. Hii ya mwisho inaonekana ya kijinga hadi siku soja amekalia redio yake kwenye kiti na kundi zima linasikiza anavyotafuna mahindi choma, na hakuna mwingine anayeweza kuongea.

Nimetaja mambo haya yote kwa sababu ya moja: zamu inagawanywa na seva. Kwa redio ya zamani, wawili wakibonyeza pamoja wanagongana hewani, inatoka sauti ya kukwaruza, basi wanajipanga upya. Hakuna refa. Kwa redio ya laini refa yupo, na refa amepewa orodha. Kwenye mpangilio wetu, bosi alikuwa na kipaumbele cha juu. Mzee akiwa katikati ya sentensi, bosi akibonyeza, mzee anakatwa na bosi anasikika. Mimi wa kontro nilikuwa wa pili. Masoja wote walikuwa wa mwisho. Ningeweza pia kumfungia soja asiongee kabisa, abaki kusikiza tu, kwa kubofya jina lake mara mbili. Na kwenye kompyuta kulikuwa na ramani, kila soja ni nukta ya kijani, naona amesimama wapi na ametembea lini. Wao hawakuwa wanaona ramani hiyo. Wengine hawakuwa wanajua kwamba ipo.

Kuna usiku mmoja ambao bado huwa unanirudia. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mvua inanyesha, saa nane na kitu usiku. Bando za redio zote zilikuwa zimenunuliwa kwa pamoja, na zilikuwa zinaisha usiku ule. Mtu wa ofisini alikuwa hajalipia mwezi mpya. Redio hazikuzima. Hapo ndipo ubaya ulipo: taa ilikuwa inawaka, betri imejaa, skrini inaonyesha jina la kundi. Kwenye ramani yangu nukta zote zilikuwa za kijani. Nikaandika kwenye daftari: Geti B sawa.

Geti B haikuwa sawa. Watu walikuwa wamekata waya upande wa nyuma, mzee akawaona, akabonyeza kitufe. Aliniambia baadaye alibonyeza labda mara kumi. Simu yake mwenyewe haikuwa na salio. Alikatwa panga mkononi akikimbia kuja kwetu, mita kama 300 kwenye matope. Alipofungua mlango wa kontro na damu mpaka kwa kiwiko, nikaangalia kompyuta. Nukta yake ilikuwa bado kijani, bado imesimama getini. Ramani ilikuwa inaonyesha mahali pa mwisho ilipomwona, na haikuwa imesema kwamba haimwoni tena.

Pikipiki mbili zilienda. Mzee alishonwa. Mwisho wa mwezi uliofuata alikatwa mshahara kwa sababu ya hizo pikipiki. Mimi niliacha kazi, si kwa ushujaa, ni vile sikuweza kumwangalia machoni.

Kwa hivyo ndiyo, nilipaswa kujua.

Lakini si sisi wa kwanza kudanganyika. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida kule Marekani, watu walipakua Zello kwa wingi hadi ikawa juu kabisa kwenye orodha za programu, na uvumi ulikuwa uleule wa kwetu: inafanya kazi bila intaneti. Kampuni yenyewe, ambayo makao yake yako Austin, Texas, ilibidi itoke itangaze kwamba hapana, bila Wi-Fi au mtandao wa simu haisaidii. Wiki chache kabla ya hapo, kimbunga Harvey kilipofurika Houston, ilikuwa imesaidia kweli. Watu wa kujitolea wenye mashua walipanga uokoaji kwa Zello kwa sababu mtandao wa simu haukuwa umekufa maeneo mengi. Programu ilikuwa ileile. Houston busta zilikuwa hai, basi ikaokoa watu.

Hapo ni maji na upepo. Serikali nazo zina mbinu zao. Februari 2014, wakati wa maandamano ya Venezuela, kampuni ya simu ya serikali, CANTV, iliifungia Zello. Urusi madereva wa malori waliitumia kujipanga kupinga ada ya barabara iitwayo Platon, iliyoanza 2015, na 2017 Zello ikafungiwa huko pia. Kuna sehemu ya hadithi hiyo inayochekesha: Zello ilikuwa inatumia seva za Amazon na kuhamahama, na 2018 wakuu wa Urusi wakawa wanatishia kufungia mamilioni ya anwani za intaneti ili tu kuikamata programu moja ya kuongelea. Ni kama kufunga Thika Road yote kwa sababu unatafuta boda mmoja.

Turudi nyumbani. Juni 24, 2024, siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuzima intaneti wala kuvuruga ubora wake. Kesho yake alasiri, wakati waandamanaji wameingia Bunge, mashirika yanayopima intaneti kama NetBlocks yakaonyesha mtandao wa Kenya umeporomoka. Safaricom ikasema nyaya zake mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Wasee wengi hawakuamini, na sitajifanya najua kilichotokea ndani ya nyaya. Ninachosema ni kwamba kwa yule dada aliyekuwa anamtafuta ndugu yake, jibu ni lilelile. Kama ni samaki amekula waya au ni mtu ameinama kwenye swichi, kitufe chake kilikuwa kimekufa, na hakuna chochote mkononi mwake kilichomwambia ni kwa nini.

Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuizuia serikali kuzima intaneti, baada ya mashirika kadhaa, yakiwemo ICJ Kenya, Katiba Institute na chama cha wanablogu BAKE, kwenda kortini. Hii ni hatua, na mimi kama mwanablogu siidharau. Lakini angalia kilichofuata Juni 25, 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia. Mamlaka ileile iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya NTV, KTN na K24 yakakatwa. Korti ikasimamisha amri hiyo jioni. Korti ilifanya kazi yake, sawa, lakini maandamano hayasubiri jioni. Saa ambazo ulihitaji kuona ndizo zilizopotea.

Na kwa majirani hakuna hata hiyo jioni. Uganda ilizima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, siku kama tano. Tanzania ilizima siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikarudi siku kadhaa baadaye. Fikiria kampuni ya ulinzi Dar es Salaam, au shirika la ambalensi, lililoamua kama bosi wangu kwamba mitambo ya zamani ni gharama tu. Siku hizo redio zao zote zilikuwa tochi zenye antena.

Hapa kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Polisi wenyewe hawategemei bando kama letu. Septemba 2013, pale Westgate, polisi na wanajeshi waliingia jengo moja bila mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa kikosi cha Recce akauawa kwa risasi ya upande wao wenyewe. Baada ya hapo serikali ilitafuta suluhisho, na Safaricom ikapewa kandarasi ya karibu Sh15 bilioni kujenga mtandao wa polisi wa mawasiliano na kamera, zaidi ya 1,000 katika Nairobi na Mombasa. Teknolojia ni ya familia moja na redio yetu ya laini: data, seva, chumba cha kusimamia. Tofauti ni kwamba wao wametengewa mtandao wao. Sisi tunapanda ule wa watu wote, na ukijaa au ukifungwa, tunabaki stejini.

Ukiniuliza mimi, somo la Westgate lilikuwa kwamba mawasiliano ni kama maji, huwezi kungoja moto uwake ndipo uyatafute. Serikali ililielewa kwa upande wake. Upande wa wananchi tulipewa bando la saa moja.

Tuongee pia juu ya nani anasikiza. Chaneli kubwa za Zello ni za wazi. Yeyote anaingia, mwenye nia njema na mwenye gari nyeupe lisilo na namba. Juni 2024 nilisikia watu wakitaja majina kamili na mahali walipojificha, kwa sauti yao wenyewe, mbele ya umati wa watu wasiowajua. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu maandamano yaanze. Sisemi walipatikana kupitia Zello, sina ushahidi huo. Nasema mimi nilikaa miezi tisa mbele ya ramani yenye nukta za kijani, na najua inavyokuwa rahisi. Redio ya laini ina laini, laini imesajiliwa kwa kitambulisho, na busta inajua uko karibu nayo. Ile ya zamani ina shida yake tofauti: mtu yeyote mwenye redio ya masafa hayo anakusikia, lakini haina jina lako ndani. Madereva wa watalii walitatua hilo kitambo kwa lugha. Simba kwao anaitwa sharubu, ili mgeni aliye kiti cha nyuma asijue kinachosemwa redioni.

Kuna njia ya katikati? Kuna programu zinazopitisha ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila busta. Bridgefy ilitumika Hong Kong 2019, na Bitchat ya Jack Dorsey, iliyotoka Julai 2025, ilipakuliwa sana Nepal Septemba hiyo kwenye maandamano ya vijana wenzetu. Ni nzuri kwa umati uliobanana, kwa sababu kila simu inampokeza jirani. Lakini watu wakitawanyika, na watu hutawanyika gesi ikirushwa, mnyororo unakatika. Na hiyo ni zaidi ya maandishi, si sauti. Ukiwa unakimbia huandiki.

Inabaki redio ya kweli. Na hapa ndipo sheria inakukaba. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, huwezi kumiliki na kutumia redio ya kurusha bila leseni. Zile Baofeng ndogo zinazouzwa kwa bei ya viatu zinaweza kurusha kwenye masafa mengi sana, yakiwemo ya watu ambao hutaki kuwaingilia, kama ambalensi. Kwa hivyo sikuambii ununue moja uanze kupayuka Uhuru Park. Njia halali ipo: kuna chama cha redio za ridhaa Kenya, ARSK, kuna leseni ya ridhaa, na ukipata unapewa jina la kuitia linaloanza na 5Z. Watu wanaofanya hivyo ni wachache na wengi si wa rika letu. Ajabu ni kwamba baadhi ya watu wa ridhaa duniani sasa wanapenda redio za laini kuliko zao, kwa sababu wanaweza kuongea na Uingereza kutoka jikoni bila antena kwenye paa. Siwalaumu. Jikoni mwao intaneti haizimwi.

Kama una redio za laini kazini, au mtaa wenu umeingia chaneli ya ulinzi wa jirani, kuna mambo machache ambayo ningetaka mtu angeniambia. Jaribu redio kwa kuongea na ujibiwe. Usiamini taa, usiamini rangi ya nukta. Kama hujajibiwa kwa dakika moja, ichukulie imekufa. Wekeni laini za kampuni mbili tofauti, kwa sababu mara nyingi moja huanguka nyingine ikibaki. Mtu mmoja ajulikane kwa jina kwamba yeye ndiye analipa bando, na tarehe ibandikwe ukutani. Na mpatane mapema mtafanya nini kukiwa kimya: filimbi, kengele, mahali pa kukutana. Mzee wa Geti B alikuwa na filimbi miaka yote. Alikuwa ameacha kuivaa kwa sababu bosi alisema redio mpya inatosha.

Nilimtembelea mzee mwezi uliopita. Bado analinda, mtaa mwingine, kampuni nyingine. Mkono unafanya kazi ila vidole viwili havikunji vizuri, kwa hivyo anabonyeza redio kwa mkono wa kushoto. Alinionyesha alichonacho kiunoni: redio ya laini ya kampuni mbele, na nyuma, chini ya koti la mvua, redio koli ya zamani. Masoja wanne wa mtaa huo walichanga wakanunua mbili, moja ya geti la mbele na moja ya geti la nyuma. Hazina leseni. Msimamizi wao anajua. Amewaambia tu kwamba siku wakaguzi wakija, wazifiche kwenye ndoo ya mopu.

Nikamuuliza haogopi kushikwa nayo. Akaitoa, akabonyeza, akangoja kidogo kwa mazoea ya ile nyingine, akasema, "Geti la nyuma, geti la mbele, unanipata?" Ikajibu saa hiyohiyo, sauti inakwaruza vibaya sana: "Nakupata, mzee. Kuna chai huko?"